Ufunguo Nilioudaka

Meneja Gachoka alinirushia ufunguo, na mimi nikaudaka.

Hiyo ndiyo siku mbaya kuliko zote nilizoishi. Nasema hivyo nikijua kuna siku nyingine ambayo nilitolewa kwa stoo nikiwa nimelegea kama gunia tupu, na mwenzangu akatolewa akiwa amekufa. Lakini ile ya stoo siikumbuki yote. Hii ya ufunguo naikumbuka yote, mpaka harufu ya chai ya kamati.

Wazee watano wa kamati walikuwa wamekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya kiwanda chetu cha kahawa, na wanachama wamesimama nyuma yao na gambuti zao za shamba. Nilikuwa nimeitwa nieleze vile tulifungiwa ndani ya stoo. Gachoka hakutaka nifike kwa habari ya mlango. Alianza na macho.

"Mama Wangui, umeambia watu ati huoni."

"Naona," nikamwambia. "Lakini sijui ninachoona."

Watu wakacheka. Mzee mmoja akauliza, "Hiyo ni ugonjwa ama ni kitendawili?" Wakacheka tena.

Gachoka akatia mkono mfukoni, akatoa kitu akakiinua. "Basi tuambie. Hii ni nini?"

Nikatazama. Niliona rangi nyeusi, na kando yake kitu cha kung'aa. Ningepewa mpaka jioni nisingejua ni kisu, ni kijiko ama ni saa. "Sijui," nikasema. "Kuna nyeusi na kuna ya kung'aa."

Hapo akakirusha. Hakunionya. Mkono wangu wa kulia ukaondoka wenyewe pale kwenye paja, ukaenda juu, vidole vikafunguka vile vinatakiwa, vikakidaka.

Halafu Gachoka akageukia wazee, na hakupandisha sauti, kwa sababu hakuwa na haja tena. "Mmeona wenyewe. Kipofu anadaka? Na kama mtu anadanganya juu ya macho yake mwenyewe, mtamwamini juu ya mlango?"

"Bwana asifiwe, amepona," akasema mama mmoja wa kanisa letu. Mpaka leo sijui kama alikuwa anafurahi ama ananicheka. Katibu Njogu akaandika kwenye kitabu chake. Chai ikaletwa.

Nilikaa pale na kile kitu mkononi. Nilikuwa nimeshakijua. Macho hayakuniambia, lakini vidole viliniambia mara moja. Nitawaeleza ulikuwa ufunguo upi, ngojeni.

Nyinyi wasichana mtakaoanza kuchagua kahawa msimu huu, ni nyinyi ninaowaandikia. Binti yangu Wangui ameniambia mtakuwa sita, na mtakaa kwa stoo ile ile. Yeye ndiye atawasomea haya kabla hamjaingia. Mimi siwezi. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, na herufi zinatoka sawa. Wangui anasema ni mwandiko wa darasa la sita, na hakosei, kwa sababu shule niliachia hapo. Lakini nikimaliza mstari na kuutazama, naona wino tu. Mkono unajua kuandika, macho hayajui kusoma. Naweka rula yake chini ya mstari ili usipande juu ya mwenzake. Kama kuna mahali nimerudia neno, mtanisamehe. Sina njia ya kurudi kuangalia.

Wacha niwaambie kwanza kuhusu kazi, maana hamtaambiwa na mtu mwingine.

Aliyenifundisha kuchagua ni Tata Muthoni. Tata kwetu ni shangazi, na kwa damu hakuwa shangazi yangu, lakini kiwandani kila mtu alimwita hivyo, mpaka wazee waliomzidi miaka. Alikuwa mfupi, mkali, na jino moja la mbele halikuwepo. Alikuwa akiuma punje za kahawa ili ajue kama zimekauka. Ukimuuliza kuhusu lile pengo alikuwa akisema, "Lilikauka kabla ya kahawa yako."

Siku yangu ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na tisa. Niliinama juu ya meza ya kuanikia, nikatazama punje moja, nikaiweka, nikatazama nyingine. Alikuja akasimama nyuma yangu.

"Wewe Nyawira, unatafuta chawa?"

"Nachagua, Tata."

"Hapana. Unasoma barua. Kahawa haisomwi. Inua kichwa. Tazama meza yote vile unatazama shamba la mtu unayemchukia. Zile mbaya zitajitokeza zenyewe."

Nikainua kichwa. Sitawadanganya, siku hiyo hakuna kilichojitokeza. Ilichukua kama mwezi. Halafu asubuhi moja nikatazama meza na nikaona nyeusi, nikaona iliyotobolewa na mdudu, nikaona iliyovunjika, nikaona ile iliyokaa kama sikio, zote mara moja, kama mtu amenitajia. Hiyo ndiyo kazi ya kuchagua. Mkono wa kushoto unatandaza, wa kulia unatoa, na macho hayakazwi. Ukikaza macho utachoka saa nne na kichwa kitauma. Ukiyaacha yatembee utafika jioni ukiwa unaimba. Mvua ikinyesha, kahawa inaingizwa kwa stoo, na wewe unaingia nayo.

Makosa nilifanya mengi. Lile lililomchekesha Tata miaka yote ni la turubai. Ilinyesha, na badala ya kubeba kahawa mpaka ndani nilitundika turubai la samawati juu ya meza nikaendelea kuchagua chini yake. Nilimaliza mapema, nikajisifu. Kesho yake jua likatoka, tukafunua meza, na kahawa yangu ilikuwa na madoa kama ngozi ya chui. Chini ya ile samawati yote ilikuwa imeonekana nzuri.

"Hii haikuchaguliwa na wewe," Tata akasema. "Ilichaguliwa na turubai. Rudia."

Nilirudia siku mbili. Msichague chini ya kitu chenye rangi, hata leso ya mwenzako ikiwa imening'inia karibu. Macho huamini chochote kinachowekwa mbele yao. Hilo nilijifunza mapema, na sikujua litakuja kuwa kubwa namna gani.

Mtaambiwa pia kwamba kuchagua kwa mkono kumepitwa. Kweli, huko inakopelekwa kahawa yetu kuna mashine yenye jicho. Punje zinaanguka mbele yake, ikiona nyeusi inapuliza pumzi na kuitupa kando. Mimi na hiyo mashine siku hizi ni ndugu. Inaona rangi vizuri sana. Ukiiuliza hii ni kahawa ama ni jiwe la rangi ya kahawa, haijui. Na mimi sijui.

Sasa ufunguo.

Miaka yote hiyo ufunguo wa stoo aliuweka Tata Muthoni. Meneja walikuja na kwenda, ufunguo ulibaki shingoni mwake. Aliufunga kwa kipande cha mpira wa tairi, na juu ya mpira akasuka uzi wa mkonge kwa msuko wake wa kiondo, ule wa kuzungusha mara tatu na kuficha ncha. Alikuwa akisema mwizi anaweza kuchonga ufunguo lakini hawezi kusuka hivyo.

Gachoka alipokuja, magunia matatu yalipotea kwa stoo. Nani aliyachukua, mimi sijui, na sitasema nisichokijua. Najua tu aliyelaumiwa. Gachoka alimwita Tata mbele ya vibarua wote na kumwambia avue ufunguo. Tata hakubishana. Aliuvua, akauweka mezani, akasema, "Meneja, huo mpira usiukate. Utapoteza ufunguo." Hakuukata. Hiyo nitamshukuru.

Halafu akaleta sheria zake mbili. Ya kwanza, dirisha la stoo likapigiliwa mbao, na juu ya mbao bati, ili punje zisipitishwe nje, tukabaki kuchagua kwa mwanga wa balbu. Ya pili, sisi wa kuchagua tukiingia ndani tunafungiwa kwa kufuli kutoka saa mbili mpaka saa saba, na tukitoka tunapekuliwa mpaka ndani ya kitambaa cha kichwa. Mwenye ufunguo ni yeye peke yake.

Tata alimuuliza, "Na mtu akibanwa na haja?"

"Aende kabla ya saa mbili," Gachoka akasema. Mwenyekiti wa kamati, Ndirangu, alikuwepo. Alitikisa kichwa kukubali. Nataka jina lake pia liwe hapa.

Mnajua baridi ya hapa mwezi wa saba, ile tunayoita gathano, mlima haujaonekana wiki tatu na ukungu unakaa ndani ya mifupa. Kahawa inakuwa kidogo wakati huo. Tulibaki wawili wa kuchagua, Tata na mimi. Ile stoo ni mawe na mabati, sakafu ni simiti, na asubuhi hiyo vidole vya Tata vilikuwa vimekataa kukunjika. Alijaribu kuokota punje, ikaanguka. Akajaribu tena.

Ni mimi niliyeleta jiko.

Msisikie hili kwa Gachoka, lisikieni kwangu. Niliwasha makaa nje nikayapepea mpaka yakawa mekundu na moshi ukaisha kabisa. Hivyo ndivyo mama yangu alinifundisha na ndivyo kila nyumba hapa inafanya: mkaa ukishaiva na moshi umekwisha, ingiza ndani. Tuliamini mbaya ni moshi. Kumbe moshi ni rafiki yako, unakukohoza, unakufukuza nje. Kinachoua kinabaki nyuma yake, hakina rangi, hakina harufu. Nililibeba lile jiko kwa mikono hii nikapita mbele ya Gachoka mlangoni. Alilitazama. Akasema, "Musichome magunia yangu." Akavuta mlango, nikasikia kufuli ikilia.

Halafu akaenda mjini Karatina kwa shughuli zake, na ufunguo mfukoni.

Mwanzoni ilikuwa raha. Vidole vya Tata vilirudi, akaanza kunisimulia habari za harusi ya jirani yake ambako pilau iliisha kabla ya maharusi kufika. Alikuwa anacheka. Baadaye akasema kichwa kinamgonga.

"Ni njaa," nikamwambia.

"Mimi na njaa tunajuana. Hii ni nyingine."

Akatapika kidogo. Nilitaka kuinuka nimshike, miguu ikawa kama uji. Nilifikiria dirisha. Sikumbuki kama nilienda ama nilifikiria tu. Nakumbuka nikigonga mlango kwa kiganja, na sauti ya kiganja ikawa mbali sana, kama mtu mwingine anagonga mlango mwingine. Tata alisema jina langu. Hakusema kwa hofu. Alisema vile anasema nikiacha punje mbaya.

Anayejua yaliyofuata ni Mwangi wa mashine. Alikuwa akihangaika na injini, na kelele yake ilimeza kila kitu. Alipoizima karibu saa sita alishangaa. Aliniambia mwenyewe, "Wanawake wa kuchagua hawanyamazi hata wakila. Niliposikia kimya nikajua kuna kitu." Alimpigia Gachoka simu, haikushikwa. Akachukua mtaimbo akavunja kufuli.

Kumbukeni hiyo. Alivunja kufuli.

Hospitali kubwa ya Nyeri mjini nililala siku nyingi gizani. Halafu rangi zikarudi. Nilifurahi, nikafikiri nimepona. Asubuhi moja kitu chekundu kilisimama kando ya kitanda. Kilikuwa kirefu, juu kina rangi ya udongo, na nilikitazama kama mnavyotazama pazia. Kikasema, "Mami."

Nililia siku hiyo kuliko siku waliyoniambia Tata amezikwa. Nilikuwa nimemtazama mtoto niliyemzaa na sikujua hata kwamba ni mtu.

Wakanipeleka kwa mtu wa macho. Akaniangazia taa, akaniambia, "Mama, macho yako ni mazima. Hata mimi nayatamani." Akaniandikia miwani. Niliivaa, na nikaona nisichokijua kikiwa wazi zaidi.

Aliyenielewa ni daktari mmoja msichana. Sauti yake ilikuwa changa kuliko ya Wangui. Alikuja na kalamu, akaishika mbele yangu, akaniuliza imesimama ama imelala. Nikamwambia sijui. Akasema, "Sawa, ichukue." Nikaichukua. Akaniambia nirudie. Kila mara mkono wangu ulijipinda kabla ya kufika, vile kalamu ilivyokuwa imekaa, na kila mara nikiulizwa nilikuwa sijui.

Hapo akaondoka, akarudi na sanduku la maoni lililokuwa limetundikwa ukutani, lile lenye mwanya wa kutia karatasi. Aliniambia halikuwa na maoni hata moja ndani. Akaligeuza upande. "Mwanya umeelekea wapi?" Sikujua. Akanipa kadi ngumu. "Tia ndani." Nikatia, ikaingia bila kugusa kando. Akaligeuza tena, nikatia tena. Wangui alikuwa ananiangalia, na nilimsikia akivuta pumzi.

"Mami, unaona," akasema.

"Sioni."

"Mnasema kweli nyote wawili," daktari akasema.

Akatueleza polepole. Nitawaambia kwa maneno ya kiwandani, ndivyo nilivyoelewa mimi. Jicho ni kama ile mashine ya kumenya, inapokea tu na kusukuma mbele. Kuona kwenyewe kunafanyika nyuma ya kichwa, hapa juu ya shingo mnapobebea mzigo. Kutoka hapo kuna mifereji miwili, vile maji yetu yanagawanyika na kahawa. Mmoja unapanda juu, na kazi yake ni kuuambia mkono kitu kiko wapi, kina upana gani, kimeinama vipi, ili ukishike. Mwingine unapita chini, na kazi yake ni kukuambia wewe kile kitu ni nini: kikombe, nyoka, mtoto wako. Ile hewa ya makaa ilikuwa imeingia kwenye damu ikakaa mahali pa hewa nzuri, na ule mfereji wa chini ukafa kwa kukosa pumzi. Rangi zilipona. Wa juu ulipona. Kwa hiyo mkono wangu unaona kitu ambacho mimi sikioni.

"Na mfereji ukiziba si unazibuliwa?" nikamuuliza. Yeye hakuwa mtu wa kiwanda lakini alielewa.

"Huu haukuziba, mama. Ulikauka."

Akaniandikia barua ya kamati na kunipa. Ilikuwa ya Kiingereza. Nilimkabidhi Katibu Njogu kabla ya ule mkutano, mkononi. Akaiweka ndani ya kitabu, akakifunga. Siku ya kurushiwa ufunguo barua ilikuwa hapo mbele yake, na hakuifungua. Nilipomuuliza baadaye akasema, "Hiyo ilikuwa mambo ya ndani ya kichwa. Sisi tulikuwa tunajadili kiwanda."

Kuishi hivi si kama mnavyofikiria. Namimina chai bila kumwaga. Napita kati ya viti. Nyanya naijua kwa wekundu na mboga ya sukuma kwa ukijani. Kitunguu na jiwe la kuzuia mlango nimevichanganya mara mbili, na sufuria haikufurahi. Watu nawajua kwa sauti na kwa mwendo. Mtu akitembea, ule mwendo wake unaniambia. Akisimama, amepotea. Sokoni Karatina nilishika mkono wa sweta nyekundu nikaenda nayo hatua nyingi nikiilalamikia bei ya viazi, mpaka ikasema, "Mama, mimi si wako." Wangui alikuwa nyuma akinitafuta. Tulicheka tulipofika nyumbani. Tulicheka kidogo.

Hata kaburi la Tata nimepelekwa. Kuna picha yake imebandikwa kwa msalaba. Nilisimama mbele yake nikaona kijivu na kijivu. Nilimwomba msamaha kwa ajili ya jiko, na sikujua kama ninaongea na uso wake ama na kona ya fremu.

Halafu nikasikia vile imeandikwa kwenye kitabu cha kamati. Ati mlango haukuwa umefungwa. Ati sisi wenyewe tuliurudishia tu kwa sababu ya baridi, na tukalala. Ati kufuli haikuwepo siku hiyo. Ndiyo sababu waliniita, na ndiyo sababu Gachoka alianza na macho. Mashahidi wa mlango tulikuwa wawili ndani na mmoja nje. Wa ndani mmoja yuko udongoni, na mmoja amedaka ufunguo mbele ya watu wote. Wa nje ni Mwangi.

Nilimwendea Mwangi. Alinikaribisha, mkewe akaweka chai. "Mama Wangui, mimi najua nilichovunja," akasema. "Lakini niko na watoto watatu shuleni na hiyo injini ndiyo inawalisha. Ile kufuli niliiacha pale chini. Kesho yake haikuwepo na mlango ulikuwa na komeo mpya."

"Utasema lini?"

"Siku nikiulizwa."

"Nani atakuuliza?"

Nikamaliza chai.

Sasa nirudi kwa kile kitu nilichodaka. Nilikuwa nimekaa pale na watu wanacheka, na vidole vyangu vikapita juu ya mpira. Juu ya mpira kulikuwa na uzi wa mkonge, umezungushwa mara tatu, ncha imefichwa. Nilikuwa nimeshika ufunguo wa Tata Muthoni. Mtu aliyesema hakukuwa na kufuli alikuwa ametoa mfukoni mwake, bila kufikiria, ufunguo wa hiyo kufuli. Alitaka kitu cha kurusha, akarusha hicho.

Ningesema pale pale. Ningeuinua juu na kuwauliza wazee. Sikusema. Nilikuwa nimepigwa na vile vicheko. Hilo ndilo kosa langu la pili, na linaniuma kuliko la jiko, kwa sababu la jiko sikujua. Niliutia kwenye kifua cha nguo, Wangui akanishika mkono, tukaenda nyumbani.

Wiki iliyofuata Mwangi alikuja mlangoni. Nilimjua kwa mwendo, anaburuta mguu mmoja.

"Meneja amenituma. Anataka ule ufunguo."

"Wa kufungua nini?"

Mwangi akatazama chini. Nilijua kwa sababu sauti yake ilienda chini. "Hakusema."

"Mwambie uko kwangu. Mwambie aje mwenyewe."

Hakuja. Imepita misimu kadhaa na hajakuja. Gachoka bado ni meneja, Ndirangu bado anatikisa kichwa kukubali, Njogu bado ana barua yangu ndani ya kitabu. Wangui amepita pale akaangalia, na mbao na bati bado ziko kwenye dirisha. Na sasa mnaingia nyinyi.

Kazi ni nzuri, msiiogope. Inueni vichwa, tandazeni kwa kushoto, toeni kwa kulia. Jiko lisivuke kizingiti hata mkaa uwe mwekundu kama damu. Mkiambiwa mtafungiwa, msiingie. Mkikuta mwenzenu anasema kichwa kinamgonga, msimwambie ni njaa.

Na siku ya kwanza, kabla hamjagusa punje moja, mwiteni Mwangi atoke kwenye injini yake, mmuulize mbele ya watu alivunja nini kwa mtaimbo. Alisema atajibu akiulizwa. Mko sita, muulizeni nyote sita.

Gachoka, najua haya yatakufikia. Jiko nilileta mimi. Nimelisema kaburini, nimelisema kanisani, na sasa nimeliandika. Nitalibeba mpaka nife. Lakini mlango sikuufunga mimi, na Tata Muthoni hakuufunga, na baridi haijui kugeuza ufunguo. Njoo uchukue wako. Uko hapa kifuani, na msuko wake haujafumuka. Njoo mchana, mbele ya hawa wasichana na wazazi wao, na kabla sijakupa, uniambie kwa mdomo wako: kama mlango haukuwa umefungwa, huu ulikuwa wa nini?